Kidingapopo na molekuli iliyorudishwa kabatini

Oktoba 2024 kampuni ya Johnson & Johnson ilitangaza inasimamisha jaribio lake la kidonge cha dengue, ile homa ya mbu, na hapa kwetu pwani sikusikia mtu hata mmoja akilizungumzia, si redioni, si kwenye magrupu ya WhatsApp ambako kila dengue ikiingia mjini tunatumiana video za kusaga majani ya mpapai. Kidonge chenyewe kinaitwa mosnodenviri, mwanzoni kilikuwa na namba tu, JNJ-1802. Hakikusimamishwa kwa sababu kimedhuru watu. Kampuni ilisema inapanga upya vipaumbele vyake kwenye magonjwa ya kuambukiza, basi, ikaishia hapo. Toka siku ile hili jambo limenikaa kifuani na leo nalitoa lote, maana watu wengi wanaamini dawa za virusi hazipo kwa sababu wanasayansi wameshindwa kuzipata, na mimi nasema kwa dengue walishafika mbali sana, kilichokosekana ni mtu wa kugharamia kipande cha njia kilichobaki, na sisi wenyewe tumechangia kumfanya huyo mtu asionekane.

Tuanze na molekuli kwanza kwa sababu inastahili. Mosnodenviri imezaliwa kwenye ukoo wa indoli. Indoli ni kitu kidogo tu, pete mbili zimeshikana ubavu kwa ubavu, moja ina pembe sita ni kaboni tupu, nyingine ina pembe tano na ndani yake kuna nitrojeni moja. Jina limetoka kwenye nili, ile rangi ya buluu nzito iliyotumika kutia kaniki walizovaa bibi zetu, maana Mjerumani Adolf von Baeyer alikuwa anaichokonoa nili kutaka kujua imeundwaje, na mwaka 1866 akiwa kwenye kazi hiyo akaipata indoli. Miaka 17 baadaye Mjerumani mwingine, Emil Fischer, akaonyesha njia ya kuitengeneza maabara, njia ambayo wanakemia wanaitumia mpaka kesho.

Mara ya kwanza naikuta indoli ana kwa ana ilikuwa chuoni, kwenye maabara ya kemia. Kichupa cha kahawia, ndani fuwele nyeupe nyeupe. Mwalimu akafungua kidogo tu na chumba kizima kikageuza uso, harufu ya choo, haina jina lingine, kwa sababu kweli ni moja ya vitu vinavyotoa harufu chooni. Alafu akachukua chembe ndogo sana akaiyeyusha kwenye spiriti, akaipunguza tena na tena, akachovya vipande vya karatasi akatugawia. Nikanusa nikashangaa, ilikuwa asumini. Ile harufu ya kikuba anachofunga bi harusi, ile ya jioni asumini zikianza kufunguka uani. Indoli imo humo pia, kwenye ua, ni kiasi tu kinachotofautisha. Nimesoma kemia nyingi baada ya hapo lakini sijapata tena kitu kilichonifundisha habari ya dozi kwa haraka kiasi kile.

Kwa nini wanakemia wa dawa wanaipenda hivi? Kwa sababu mwili unaijua. Kwenye maharage, mayai na samaki tunakula triptofani, ambayo ni asidi amino yenye indoli ubavuni, na kutoka kwenye triptofani mwili unatengeneza serotonini inayohusika na hali ya moyo na melatonini inayohusika na usingizi, zote mbili zimebeba indoli. Maana yake protini nyingi zina vijishimo ambavyo pete hii bapa inaingia na kutulia, na ile nitrojeni yenye haidrojeni yake inafanya kama kidole cha kushika ukuta wa kishimo. Pia unaweza kuning'iniza vitu sehemu nyingi kuizunguka, hapa bromini, pale florini, kule mkia mrefu, kila badiliko linakupa molekuli nyingine. Wenyewe wanaiita kiunzi, kama kiunzi cha kitanda cha kamba, mbao zilezile lakini unaamua mwenyewe usuke ukindu au kamba ya nailoni.

Na kwenye dawa za virusi kiunzi hiki si kigeni hata kidogo. Watu wengi wanafikiri dawa za virusi zilianza na ukimwi, hapana. Mwaka 1963 kule Madras, India, ndui ilikuwa bado inaua, na madaktari walijaribu dawa iliyoitwa methisazoni, iliyouzwa kwa jina la Marboran. Ndani yake kuna isatini, ndugu wa damu wa indoli. Waliwapa watu 1,101 waliokuwa wamekaa karibu na wagonjwa wa ndui, wakapata ndui watatu tu na tena kwa wepesi. Wenzao 1,126 ambao hawakupewa, 78 wakaugua na 12 wakafa. Ilikuwa inatapisha watu vibaya sana, na majaribio yaliyofuata hayakutoa matokeo mazuri kiasi kile, na mwisho wa yote chanjo ndiyo iliyoimaliza ndui, mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa kwa njia ya kawaida akapatikana Merca, Somalia, Oktoba 1977. Kwa hiyo methisazoni iliwekwa kabatini na sina neno, ugonjwa wenyewe haukuwepo tena. Hilo ni kabati la haki.

Warusi nao wana yao. Arbidol ilitengenezwa Umoja wa Kisovieti miaka ya 1970, indoli yenye bromini, dawa ya mafua, na mpaka leo inauzwa sana Urusi na China, Marekani haijawahi kuipitisha. Mwaka 2017 watafiti wa California walionyesha kwa picha za fuwele kabisa jinsi inavyojichomeka kwenye ile protini ambayo virusi vya mafua vinatumia kuingilia kwenye seli, inakuwa kama kabari, protini inashindwa kujikunjua. Kwa hiyo pale kwenye molekuli kazi yake inaeleweka, ila mgonjwa kitandani anapona kwa kiasi gani ni suala lingine, na kwa maoni yangu ushahidi wa hospitali ni mwembamba kuliko mauzo yake. Corona ilipoingia wakaijaribu pia, haikuonyesha faida ya kueleweka.

Kwenye ukimwi kulikuwa na Rescriptor, nayo ina indoli, ilipitishwa Marekani 1997, unameza mara tatu kwa siku, nani anaweza maisha hayo, ikapitwa na efavirenzi ambayo wengi wetu tunaikumbuka kwa ndoto zake za usiku. Baadaye 2020 ikaja Rukobia, hii kiunzi chake ni indoli iliyobadilishwa kidogo, kaboni moja imetolewa ikawekwa nitrojeni, na inafanya kazi mlangoni kabisa, inaziba sehemu ambayo virusi vinaishika seli. Ni ya wagonjwa ambao dawa nyingine zimewagomea. Homa ya ini aina ya C nayo ina Zepatier, imepitishwa 2016, moja ya dawa mbili zilizomo ndani yake imejengwa juu ya indoli pia. Sitazimaliza.

Ila kuna kitu lazima nikiseme wazi kabla sijaendelea, maana nimechoka kuona kinavyopotosha watu. Ukiingia kwenye majarida ya kemia ya dawa utakuta makala nyingi sana za wimbo mmoja, tumetengeneza indoli mpya kadhaa, tumeziweka kwenye sahani yenye seli na virusi, mbili zimepunguza virusi, kwa hiyo zina matumaini. Alafu mtu anachukua kichwa cha habari anakirusha kwenye grupu la ukoo, dawa imepatikana! Kwenye sahani hata sabuni inaua virusi. Swali la kwanza ni je seli zenyewe zimebaki hai, na ule mwanya kati ya kiasi kinachozuia virusi na kiasi kinachoanza kuua seli ni mpana kiasi gani. Swali la pili, ukiimeza inapita tumboni? Ini linaiacha salama au linaikatakata kabla haijafika kwenye damu? Na inafika pale virusi vilipo kwa kiasi cha kutosha, kwa masaa ya kutosha? Molekuli nyingi zinafia hapo, na ni sawa zife, kazi ya utafiti ndiyo hiyo. Kwa hiyo mimi sio wa kushangilia kila indoli inayotangazwa. Mosnodenviri naililia kwa sababu ilishavuka maswali yote hayo.

Kabla ya dengue kuna kisa kimoja cha kabati ambacho kinaonyesha vizuri jinsi mambo yanavyokwenda. Mwaka 2003 SARS, ule ugonjwa wa mapafu wa ukoo wa corona, ilipolipuka, wanakemia wa Pfizer walibuni molekuli ya kuzuia mkasi wa virusi vile, yani ile protini ambayo virusi vinaitumia kukatakata protini zake ndefu ziwe vipande vya kazi. Upande mmoja wa molekuli hiyo ulikuwa na indoli. Kufikia Julai 2003 mlipuko ukawa umedhibitiwa, hakuna mgonjwa maana yake hakuna soko, ikawekwa kabatini. Mwaka 2020 corona inaingia, mkasi wa virusi hivi vipya unafanana sana na ule wa zamani, wakafungua kabati wakaitoa. Shida ikawa moja, haikuwa inapita vizuri tumboni, ilibidi iwekwe kwa dripu. Wakakaa chini wakaifanyia ukarabati, wakaitoa ile indoli kabisa wakaweka kipande kingine, ikawa kidonge cha kumeza, ndiyo Paxlovid, na Desemba 2021 Marekani ikairuhusu kwa dharura. Kwa hiyo hata indoli yenyewe sio dini, ikizuia njia inatolewa. Ninachotaka uone ni muda. Miaka 17 kabatini, alafu chini ya miaka 2 mpaka kwenye kopo la dawa. Kemia haikuwa imebadilika sana kati ya 2003 na 2020. Walioanza kuumwa ndio waliobadilika.

Sasa dengue.

Huu ugonjwa una jina letu. Wazee wa pwani walikuwa wanauita kidingapopo, wengine kidinga pepo, na wataalamu wengi wa historia ya tiba wanafikiri neno dengue limeanzia hapo likavuka bahari na watu mpaka visiwa vya Karibi, wakalizungusha kwenye Kihispania, likaturudia likiwa limevaa herufi nyingine. James Christie, daktari aliyekuwa anamhudumia Sultani wa Zanzibar, aliandika mwaka 1872 juu ya mlipuko aliouona kisiwani, na wazee walimwambia wanaukumbuka mwingine wa kama 1823. Wapo wanaosema walichougua watu wale pengine kilikuwa chikungunya, ambayo nayo ni neno la Kimakonde, kujikunja, lilitoka kwenye nyanda za Makonde 1952. Yani magonjwa mawili ya mbu yanayozunguka dunia nzima yanaitwa kwa lugha za Kusini na pwani ya Tanzania. Dar tumepigwa na dengue 2010, 2014, 2019. Mombasa 2013 na tena baadaye. Na dunia nzima mwaka 2024 walioripotiwa Shirika la Afya Duniani walipita milioni 14, wengi wao Brazil na majirani zake.

Dawa ya dengue mpaka leo ni maji, paracetamol, na kuomba Mungu chembe sahani, zile zinazogandisha damu, zisishuke sana. Ukipewa aspirini au diklofenaki kwa sababu mwili unauma unaweza ukavuja damu. Virusi viko vya aina nne na ubaya wake ni kwamba ukiugua aina moja ukapona, siku ukikutana na aina nyingine ndiyo unaweza kuugua vibaya zaidi, ndiyo maana hata chanjo zake zimekuwa na historia ngumu. Kwa hiyo dawa ya maana lazima ipige aina zote nne.

Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji, kwenye Taasisi ya Rega, palepale ambapo kazi iliyozaa tenofoviri, dawa ya ukimwi, ilifanyika, timu ya Profesa Johan Neyts ilichuja maelfu ya molekuli kuona ipi inazuia dengue kwenye seli. Zilizowashika macho zilikuwa za ukoo wa indoli. Wakazifanyia kazi miaka na miaka pamoja na Janssen, kampuni ya dawa ya Johnson & Johnson, badilisha hapa, punguza pale, mpaka Oktoba 2021 wakachapisha molekuli iliyokuwa inafanya kazi kwa kiasi kidogo mno, kwenye aina zote nne, na kwenye panya waliokuwa wameambukizwa. Mosnodenviri ni mdogo wake, aliyefaa zaidi kwa binadamu.

Jinsi inavyofanya kazi ndipo penye utamu. Virusi vya dengue vikiingia kwenye seli vinajenga karakana yao humo ndani, vijifuko vya utando ambamo vinajinakilisha. Ili karakana isimame lazima protini mbili za virusi zishikane, NS3 na NS4B. Hii molekuli inakaa kwenye NS4B na kuwazuia hao wawili wasishikane, karakana mpya haijengwi. Lakini zile zilizokwisha kusimama haizibomoi. Kwa hiyo kuwahi ndiyo kila kitu. Hii ni muhimu sana na nitairudia mbele.

Kwenye majaribio ya Marekani watu waliojitolea walimeza kidonge siku 5, alafu wakadungwa virusi vya dengue aina ya tatu vilivyodhoofishwa, wakaendelea kumeza siku 21. Kati ya 10 waliopewa dozi kubwa, 6 damu yao haikuonyesha virusi kabisa. Waliomeza kidonge kisicho na dawa, wote virusi vilionekana. Matokeo yalitangazwa Oktoba 2023 kwenye mkutano wa magonjwa ya kitropiki Chicago, na mimi nilikaa usiku ule nikisoma huku nikiwaza hatimaye. Kulikuwa na jaribio la mitaani limeshaanza, kwenye nchi kadhaa za Asia na Amerika ya Kusini, kwa watu wanaoishi na wagonjwa wa dengue nyumba moja. Mwaka mmoja baadaye likasimamishwa.

Najua hoja za upande wa pili na sio za kijinga. Sita kati ya kumi sio kumi kati ya kumi. Mtu mzima asiye na homa utamshawishi vipi ameze vidonge karibu mwezi mzima eti jirani anaumwa? Na kwa mgonjwa mwenyewe, kuna dawa zimeshajaribiwa kutibu dengue zikaanguka, balapiraviri kule Vietnam, celgosiviri kule Singapore, na sababu mojawapo inayotajwa ni kwamba mgonjwa anafika hospitali siku ya tatu au ya nne wakati virusi kwenye damu vimeshaanza kushuka vyenyewe, anachougua sasa ni fujo iliyobaki nyuma. Ukichanganya na ile habari ya karakana, unaona kabisa dawa hii inamtaka mtu aliyepimwa siku ya kwanza. Pia Novartis wana molekuli yao ya kiunzi kingine kabisa inayopiga NS4B hiyohiyo, kwa hiyo wazo halijafa. Sawa. Lakini hoja zote hizo ni maswali ya jaribio lililokuwa linaendelea, na jaribio ndilo lililokuwa linakwenda kuyajibu, sasa umelikata katikati majibu utayapata wapi?

Na hapa ndipo naturudia sisi. Kampuni inaangalia nani atanunua. Brazil inahesabu wagonjwa wake, kila wiki, kila jimbo. Sisi tunahesabu nini?

Mwaka 2019 mama mdogo alipata homa, Dar, ghafla mchana, akasema macho yanauma kwa nyuma kama yanasukumwa na vidole, kiuno hakigeuki. Tukampeleka zahanati ya jirani. Wakapima malaria kwa kile kipimo cha haraka, hakuna mstari wa pili, hasi. Wakampa dawa ya mseto. Nikauliza mbona kipimo kimesema hana, nikajibiwa tumpe tu kwa usalama. Kipimo cha dengue hawakuwa nacho. Siku ya tano homa imeshuka tukashukuru, jioni yake akawa anapiga mswaki povu linatoka jekundu, na kwenye miguu vidoa vidogo vyekundu kama ameumwa na siafu. Tukakimbia naye hospitali kubwa, chembe sahani zimeshuka vibaya, akalala siku nne kwenye dripu. Alipona, yupo, mzima. Baadaye nilirudi kwenye ile zahanati kuchukua karatasi zake na nikaomba kuona daftari lao. Jina lake lipo, tarehe ipo, na kwenye safu ya ugonjwa imeandikwa malaria. Kipimo hasi, ugonjwa malaria, mstari mmoja uleule. Nilisoma mara mbili tatu nikidhani nimekosea safu.

Mistari kama ile ikiwa mingi, mwisho wa mwaka inapanda wilayani, inapanda mkoani, inafika Dodoma kama malaria, na kutoka Dodoma inafika Geneva, kwa Shirika la Afya Duniani, kama malaria. Alafu mtu aliyekaa ofisini New Jersey, kwenye makao makuu ya Johnson & Johnson, anafungua ramani ya dengue anaona Afrika Mashariki nyeupe, anasema soko halipo huko, na kwa karatasi alizo nazo mkononi hajakosea. Mimi lawama ya kwanza kwa kampuni naitoa, waliacha kazi nzuri njiani na wana pesa. Ya pili naitoa kwetu kwa sababu hii ndiyo tunayoweza kuirekebisha bila kumwomba mtu ruhusa. Kipimo cha NS1 cha dengue, kinachotafuta protini ya virusi kwenye damu, ni kikaratasi kama kile cha malaria, tone la damu, dakika kama 20, na kinashika siku za mwanzo za homa, yani zilezile siku ambazo dawa ya aina hii ingefanya kazi. Kikiwepo kwenye kila zahanati ya pwani, kuanzia Mtwara mpaka Lamu, kila homa ambayo malaria imekataa inapimwa dengue, ramani itajaa yenyewe. Na siku dawa ikija itakuta wagonjwa waliopimwa mapema.

Watu wataniambia majaribio ya dawa kubwa kubwa hatuyawezi. Tunayaweza, tena tumeshayafanya. Bagamoyo na Kilifi ndiko chanjo za malaria zilikojaribiwa, RTS,S na R21 zote mbili. Vituo hivyohivyo vimeshafanya hata yale majaribio magumu ambapo watu wazima wanajitolea kuambukizwa malaria chini ya uangalizi, ambayo ndiyo aina ileile ya jaribio mosnodenviri ilipitia Marekani. Wataalamu wapo, friji zipo, kamati za maadili zipo. Kwenye dengue kuna umoja ulianzishwa na DNDi, shirika lisilo la faida linalotafuta dawa za magonjwa yaliyosahauliwa, pamoja na taasisi za Thailand, Malaysia, India na Brazil kwa ajili ya kutafuta tiba kwa pesa na wagonjwa wao wenyewe bila kusubiri kampuni, na sisi ambao ugonjwa umetoka na jina letu mdomoni tulipaswa kuwa tumevuta kiti pale toka siku ya kwanza.

Hao DNDi nawataja kwa sababu. Fexinidazoli, dawa ya malale, ilibuniwa na kampuni ya Hoechst ya Ujerumani, ikatelekezwa miaka ya 1980 kwa sababu wagonjwa wa malale ni wanakijiji wa Afrika, nani angeinunua. Mwaka 2005 DNDi wakapekua makabati ya zamani wakaikuta, wakaifanyia majaribio, sehemu kubwa Kongo, na mwishoni mwa 2018 mamlaka ya dawa ya Ulaya ikatoa maoni chanya juu yake. Kabla yake mgonjwa wa malale aliyefikia hatua ya ubongo alikuwa anadungwa dawa yenye sumu ya aseniki ndani, melasoproli, iliyokuwa inaunguza mshipa ikipita na kuua karibu mmoja kati ya kila 20 waliodungwa. Baadaye ikaja ya dripu, lazima ulazwe. Leo mtu wa Bandundu anameza vidonge siku 10, wengine nyumbani kwao. Kwa hiyo kabati linafunguka hata wasipoumwa matajiri, ila lazima awepo mtu wa kwenda kugonga akijua anatafuta nini, ana wagonjwa waliohesabiwa na mahali pa kufanyia kazi.

Kwa mosnodenviri kazi ni nyepesi kuliko ilivyokuwa kwa fexinidazoli. Haina miaka 20 ya vumbi. Data za usalama kwa binadamu zipo, dozi inajulikana, namna inavyofanya kazi inajulikana mpaka protini yenyewe, wanakemia walioitengeneza wako hai na wengi wako palepale Leuven. Kinachohitajika ni barua ya kuomba leseni, na nyuma ya barua iwepo hesabu ya wagonjwa. Barua inaweza kuandikwa na wizara ya afya yoyote kati ya Dodoma, Nairobi na Zanzibar, au zote kwa pamoja kupitia Jumuiya ya Afrika Mashariki. Hesabu ndiyo itachukua muda, na inaanzia kwenye lile daftari la zahanati, kwenye ile safu ya ugonjwa, na muuguzi mwenye kipimo cha pili mezani.